Na Baba Je? Maneno kwa Wanandoa Wanaotafuta Mtoto

Haya ni mazungumzo niliyotoa Jumamosi kwenye semina ya wanandoa hapa Dodoma. Wengi walikuwa msibani siku hiyo, wakaomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni, isipokuwa zile picha za ukutani nimeziondoa.

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam alaykum! Na wenyeji wa hapa, mbukwenyi!

Mwenyekiti wa semina, viongozi wetu wa dini, wazee wetu mliokaa mbele, baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma mkidhani sitawaona: asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi ni muuguzi mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanyia kliniki ya wanawake. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwenye semina za ndoa huwa tunalipitia haraka haraka kwa maombi, halafu tunahamia kwenye bajeti ya nyumba. Ndoa imefungwa, mwaka umekwisha, wa pili unakwenda, mtoto hajapatikana. Mnaanzia wapi?

Kabla sijajibu, hebu tazameni mstari mliokaa. Hesabuni watu sita. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupitia shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani mwake. Mmoja kati ya sita. Jamani, nimesema mhesabu, sikusema mgeuke kumtafuta! (Kicheko.)

Sasa, ni wakati gani wa kwenda hospitali? Mke na mume wakikutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijatunga, ni wakati wa kupimwa. Mama akiwa amevuka miaka 35, msingoje mwaka, miezi sita inatosha. Akiwa na 40, njooni moja kwa moja. Na kama hedhi yake inaruka miezi, au baba aliwahi kufanyiwa upasuaji wa korodani, mnangoja nini?

Lakini hiyo miezi 12 ni ya watu wanaoishi pamoja. Hapa kwetu lazima nilisisitize hilo. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nimewapokea wanandoa wa aina moja tena na tena: baba yuko ofisini Mtumba, mama amebaki na kazi yake Dar es Salaam, wanaonana mwisho wa mwezi mshahara ukitoka. Walikuja wawili wa namna hiyo wakiwa tayari wamekata tamaa. Nikamuuliza mama tarehe zake. Akafungua simu, ameandika kila kitu, mzunguko wake ni wa siku 30 na hautetereki, damu humwanza karibu na tarehe 25. Nikapiga hesabu mbele yao. Yai linapevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo kwake ni karibu na tarehe 10 au 11. Baba anashuka Dar tarehe ngapi? Tarehe 28, mama ndiyo kwanza anamaliza siku zake. Yai likishatoka haliishi zaidi ya siku moja. Mbegu za baba zinaweza kukaa mwilini mwa mama mpaka siku tano. Tarehe 28 na tarehe 10, zinakutania wapi? Yai halina habari ya mshahara!

Dawa yao ya kwanza ilikuwa tiketi ya treni. Tangu 2024 treni ya umeme inatembea kati ya Dar na Dodoma, mtu anaweza kwenda katikati ya mwezi na kurudi kazini bila kuchoka. Walibadilisha tarehe, basi. Mama yule nilikuja kumwona tena yuko foleni ya kliniki ya wajawazito, akacheka kabla sijamsalimia.

Kwa hiyo akina dada, andikeni tarehe. Siku ya kwanza ni ile damu inayoanza kutoka, siyo ile inayokatika. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai ni karibu na siku ya 14. Mwenye siku 35, ni karibu na siku ya 21, wala siyo ya 14 kama unavyoambiwa saluni. Siku tano za nyuma yake na siku yenyewe, hizo ndizo siku zenu. Na kama hesabu inawachosha, kukutana kila baada ya siku mbili tatu kunatosha. Msigeuze kitanda kikawa zamu ya usiku.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hapa. Yote mengine ningeweza kuyaandika kwenye karatasi mkagawiwa mlangoni.

Alikuja mama mmoja kutoka wilaya ya Bahi na bahasha ya kaki imevimba. Nikampa kiti, nikazitoa karatasi moja moja, nikazipanga mezani mpaka meza ikajaa. Ultrasaundi. Ultrasaundi nyingine. Vipimo vya homoni. Vyeti vya dawa za kile kinachoitwa UTI sugu, ugonjwa ambao siku hizi kila mwanamke wa nchi hii anao. Tena ananieleza ambayo hayana karatasi: dawa ya chupa ya kusafisha kizazi, kuchuliwa tumbo na bibi mmoja, mizizi ya kuchemsha ambayo ilimwendesha tumbo wiki nzima. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikauliza: na baba je?

Kimya.

Na baba je?

"Mume wangu mzima. Ana mtoto alimzaa kabla hatujaoana."

Ndugu zangu, mtoto wa zamani anaonyesha kwamba wakati ule mambo yalikuwa sawa. Hasemi lolote kuhusu leo. Baba yule aliposhawishiwa na mzee wa kanisa lake, akaja, akapimwa. Mbegu chache mno, na nyingi hazitembei. Tulipokaa kuongea akakumbuka kwamba miaka kadhaa nyuma aliugua homa iliyokuja na kuondoka kwa muda mrefu, viungo vinauma, na korodani zikavimba. Ni mfugaji, maziwa anakunywa yakitoka moja kwa moja kwa ng'ombe. Upo ugonjwa unaitwa brusela, unapatikana kwenye maziwa yasiyochemshwa, na kwa mwanaume unaweza kushambulia korodani. Matumbwitumbwi nayo yakimpata mtu mzima yanaweza kufanya hivyo hivyo. Kisonono kisichotibiwa kinaweza kuziba njia ya mbegu. Mishipa ya korodani ikivimba inaweza kupunguza mbegu. Yote hayo yanampata mwanaume mwenye kifua kipana na sauti nzito.

Na mke wake miaka yote ile alikuwa anakunywa dawa kwa niaba ya mtu mwingine.

Katika karibu nusu ya wanandoa wenye shida hii, upande wa mwanaume unahusika, ama peke yake ama pamoja na wa mwanamke. Karibu nusu! Na kipimo cha mbegu ndicho rahisi kuliko karibu vyote: hakuna sindano, hakuna kisu, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na vya mama. Kwa nini basi tunaanza na mama, tunamaliza vyake vyote, tunamkopea, tunampeleka kwa waganga, ndipo tunamkumbuka baba?

Najua kwa nini. Mwanaume anaogopa kwamba majibu yatagusa heshima yake chumbani. Baba zangu, nguvu za kiume ni jambo moja na mbegu ni jambo lingine. Unaweza kuwa hodari na usiwe na mbegu hata moja, na unaweza kuwa na matatizo ya nguvu na mbegu zako zikawa tele. Kwa macho huwezi kujua, wala mke hawezi kujua. Inajua hadubini peke yake.

Nieleze kipimo cha mbegu kinavyofanyika, maana wengi wanakiogopa kwa kutokijua. Unakaa bila kukutana na mwenzako kwa siku mbili mpaka saba. Maabara wanakupa kikopo cha plastiki chenye mfuniko. Ni hicho, siyo chupa ya dawa ya kikohozi uliyoisuuza nyumbani, wala kondomu, maana kondomu nyingi zina vilainishi vinavyoharibu mbegu. Unanawa mikono, unazitoa mbegu mwenyewe kwa mkono, bila sabuni, bila mafuta, bila mate. Tone la kwanza likimwagika, sema. Tone hilo ndilo lenye mbegu nyingi, usione haya ukapata majibu ya uongo. Kikopo kinatakiwa kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Ukikaa Area C, weka mfuko wa ndani wa shati, panda bodaboda, njoo. Ukikaa Hombolo au Mvumi, fanyia hospitalini. Na hapa niseme bila kumtaja mtu: kumpa baba wa watu kikopo na kumwelekeza choo cha wagonjwa wote, watu wanagonga mlango, siyo haki. Ombeni chumba. Mke anaruhusiwa kuingia naye. Ombeni.

Majibu yakija, mtaona namba. Kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakitumia tangu 2021 ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita moja, na zinazotembea ziwe angalau 42 kati ya 100. Ukiwa chini ya hapo, hujahukumiwa. Kuna wanaume walio chini ya hapo na wana watoto. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu mpaka mitatu kutengenezwa, kwa hiyo malaria ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo. Kipimo kinarudiwa. Katikati ya hapo unaacha sigara, unapunguza pombe, kompyuta unaitoa mapajani, unavaa boksa isiyobana. Na ninyi vijana wa mazoezi mnaochoma sindano za kutunisha misuli: homoni ile ya nje inauambia mwili usimamishe utengenezaji wa mbegu. Kifua kinajaa, kule kunakauka. Acheni, mkamwone daktari.

Na mama je? Mama naye anapimwa, tena sambamba na baba. Ila vipimo vina mpangilio wake, na msiponisikiliza hapa mtapoteza pesa.

Dada mmoja anauza nguo soko la Majengo. Shoga yake alipata mimba baada ya kutumia vidonge vya kupevusha mayai, vile mnavyoviita Clomid. Naye akaenda duka la dawa, akanunua, hakuna aliyemuuliza cheti. Mwezi huu, mwezi ujao, mwezi ule mwingine, anaongeza na dozi mwenyewe. Alipofika kwetu na kupigwa picha ya mirija, yote miwili ilikuwa imeziba. Mayai yake hayakuwahi kuwa na shida. Kumpa vidonge hivyo mwenye mirija iliyoziba ni kuvuna zabibu za Hombolo malori kwa malori wakati daraja la kwenda mjini limesombwa na maji.

Vidonge vile ni dawa nzuri, kwa mwenye mayai yasiyopevuka. Vinaandikwa na daktari, vinaanzwa siku za mwanzo za hedhi, vinafuatiliwa kwa ultrasaundi. Vinaweza kuleta mapacha, na vikitumiwa ovyo vinaweza kuvimbisha vifuko vya mayai mpaka mtu akalazwa.

Picha ya mirija inatisha wengi, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Inapigwa damu ikishakata, kabla yai halijapevuka, ili tuwe na uhakika hakuna mimba. Unalala kama unayepimwa mlango wa kizazi, unaingizwa kimrija chembamba, dawa inayoonekana kwenye eksirei inasukumwa taratibu. Tumbo linauma kama siku ya kwanza ya hedhi kali, dakika chache. Ukitazama kwenye skrini utaona kizazi chako kinajaa weupe, halafu nyuzi mbili nyembamba pembeni. Ncha zake zikimwaga weupe tumboni, njia iko wazi. Ulizeni kuhusu dawa ya maumivu kabla. Na msiende peke yenu. Baba, siku hiyo kaa kwenye benchi la nje, umshikie mkoba.

Mirija inaziba kwa sababu gani? Mara nyingi ni maambukizi: klamidia na kisonono, ambavyo kwa mwanamke vinaweza kukaa bila dalili yoyote, maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, hata kifua kikuu kinaweza kushuka mpaka kwenye mirija. Ni kovu. Je, kovu linayeyushwa na chai ya majani? Yule anayewatumia ujumbe kwenye simu kwamba ana unga wa kuzibua mirija kwa siku 21, mwambieni awaonyeshe picha ya kabla na picha ya baada. Hatajibu.

Mtoto wa kwanza duniani aliyepatikana kwa kupandikiza mimba, Louise Brown wa Uingereza, alizaliwa Julai 25, 1978, na sababu ilikuwa hiyo hiyo: mirija ya mama yake iliziba, wakahangaika miaka tisa. Mwanasayansi Robert Edwards, aliyeianzisha njia hiyo pamoja na daktari Patrick Steptoe, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Huduma hiyo leo ipo Dar es Salaam. Mama anachomwa sindano za homoni kwa siku kumi hivi, mayai yanatolewa, yanakutanishwa na mbegu maabara, kiinitete kinarudishwa, na baada ya wiki mbili hivi anapimwa damu. Ni mamilioni ya shilingi, na mara nyingi haishiki mara ya kwanza hata kwa mama kijana. Kabla hujatoa hata shilingi moja, uliza: kwa wanawake wa umri wangu, kwenu wangapi wanafika kuzaa? Na bei hii ina dawa ndani, au dawa ni pembeni? Kituo kinachokasirikia maswali hayo, ondoka.

Machache nayapitia haraka. Sindano ya uzazi wa mpango haiui kizazi. Inachelewesha tu, na yai linaweza kuchukua miezi kadhaa, hata karibu mwaka, kurudi. Uvimbe kwenye kizazi siyo kila mara ndio kikwazo, inategemea umekaa wapi. Wenza mnaoishi na VVU mna haki ya mtoto kama wengine. Semeni kliniki kwenu mapema ili mpangiwe vizuri. Mama aanze vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kabla mimba haijatunga. Na maombi? Ombeni. Mimi mwenyewe naomba. Ninachokataa ni mtu kuambiwa atupe dawa ili kuonyesha imani, na viongozi wetu waliopo hapa wananiitikia kwa kichwa, mmewaona.

Sasa mama zangu mliokaa mbele. Mama wakwe. Naomba niseme nanyi kwa heshima zote.

Siku ya sikukuu, ukoo umekusanyika, wanawake wamejaa jikoni, mlenda uko motoni. Mke wa mwanao anainama kuosha masufuria. Wifi yake anamwambia: "Endelea na vyombo wewe, sisi wenzio tuna watoto wa kunyonyesha." Watu wanacheka. Wewe mama upo pale na kijiko mkononi. Ulisema nini? Maana yule binti asubuhi hiyo hiyo pengine ameona damu aliyokuwa akiomba isije. Na pengine, mama yangu, vipimo vyake yeye viko sawa kabisa, ila anamfichia mwanao aibu, anaosha masufuria na kunyamaza. Nimewaona wa namna hiyo. Si mmoja.

Nanyi vijana wa kiume: mama yako unazungumza naye wewe, usimtume mkeo. Maneno ni machache. "Mama, tumeanza matibabu, tunapimwa wote wawili. Tukiwa na neno tutakuletea wenyewe." Akiuliza tatizo liko kwa nani, jibu ni: letu. Akiuliza tena: letu, mama. Mnaweza kulisema hilo? Semeni nikisikie. (Ukumbi: "Letu!") Viti vya nyuma sijawasikia.

Wako mwalimu mmoja na mumewe fundi seremala, wanaishi Nzuguni. Kabla ya kuanza, walikaa na daftari. Wakaandika watatoa shilingi ngapi kwa mwezi, wakaandika kwamba kiwanja chao hakiguswi, wakaandika watafika mpaka Krismasi ya mwaka utakaofuata ndipo wakae tena waamue. Wakasaini wote wawili. Fundi aliniambia, tangu waandike, ugomvi wa pesa uliisha, maana mtu akija na habari ya mganga wa Singida wanafungua daftari. Bado hawajapata mtoto. Wanaendelea na matibabu, na wameshaanza kuulizia Ustawi wa Jamii taratibu za kuasili, wala hawaoni moja linaua lingine. Nawaheshimu sana watu wale, kuliko wengine niliowaona wameuza mpaka ng'ombe wa maziwa kwa kutokuwa na daftari.

Basi, siku mtakapokuja, iwe Benjamin Mkapa, iwe General, iwe hospitali nyingine yoyote yenye daktari wa wanawake, njooni wawili. Leteni tarehe za hedhi za miezi mitatu. Leteni majina ya dawa zote, na za mitishamba pia, hatutawagombeza. Mwenye bima apitie kwanza dirisha la bima aulize kipi kinalipiwa. Na ukifika peke yako, mama, muuguzi atakuuliza lile swali, mnalijua sasa. Semeni. (Ukumbi: "Na baba je?")

Maswali ya siri nitayapokea kwenye meza ya pembeni baada ya chai. Ya wazi tuanze sasa. Baba pale nyuma mwenye shati la bluu, umenyoosha mkono tangu nilipotaja boksa. Mpeni kipaza sauti.